MAPENZI YA WATU NA MPAKA WA KATIBA: TULIYOYATAFAKARI DZALEKA NA LILONGWE

Msafiri atokaye Lilongwe kwenda wilaya ya Dowa hupita katikati ya mashamba ya mahindi na tumbaku, na baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 45 huona mbele yake makazi makubwa ya matofali ya udongo na mabati, yaliyobanana kama mji lakini yasiyohesabiwa miongoni mwa miji ya Malawi. Hapo ndipo Dzaleka. Wamo watu zaidi ya 50,000 mahali palipokusudiwa watu elfu kumi na kitu. Sokoni kwake Kiswahili kinauza na kununua: Kiswahili cha Uvira, cha Bukavu, cha Kalemie, cha Bujumbura. Mgeni atokaye pwani hujiona yu nyumbani, mpaka asikie mchuuzi akimgeukia mwenyeji na kumjibu kwa Kichewa safi.

Tuliketi katika kibanda cha chai, na kama ilivyo desturi ya vibanda vya chai kote Afrika Mashariki, mazungumzo hayakukawia kufika kwa marais. Wazee wawili walibishana kuhusu nani aliyeiharibu nchi yao. Kijana mmoja aliyekuwa akisikiliza tu, ambaye alikuja Dzaleka akiwa mtoto mgongoni, akatuuliza swali lililowanyamazisha wote. Iwapo wananchi wanampenda rais wao na wanataka aendelee, alitaka kujua, karatasi iitwayo katiba ina haki gani ya kumwambia aondoke?

Swali hilo tumelileta kwenu, ndugu askari na ndugu polisi, kwa sababu jibu lake halikai Bungeni tu wala mahakamani tu. Sehemu yake kubwa hukaa langoni, aliposimama mtu mwenye bunduki.

Yafaa kwanza ieleweke kijana yule alikuwa ameketi juu ya ardhi gani. Kabla ya kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1994, Dzaleka ilikuwa gereza. Jina lenyewe latokana na neno la Kichewa la kuacha jambo, na wengi hulifasiri kuwa ni ahadi ya mtu kwamba hatarudia tena. Humo walifungwa watu walioonekana hawampendi vya kutosha Dakta Hastings Kamuzu Banda. Miongoni mwao walikuwa Mashahidi wa Yehova waliokataa kununua kadi ya chama, na wengine wengi ambao hawakupelekwa mbele ya hakimu hata siku moja. Si kwamba Dakta Banda hakupendwa. La hasha. Alipoiongoza Malawi kupata uhuru tarehe 6 Julai, 1964, alishangiliwa kwa dhati, na mwaka 1971 alipotangazwa kuwa Rais wa Maisha, kina mama walicheza ngoma viwanjani. Lakini pale mapenzi ya watu yalipoondolewa mpaka, hapakuwa tena na njia ya kujua kama mapenzi bado yapo. Mchezaji ngoma aliyechoka hakuwa na mahali pa kuketi ila Dzaleka.

Polisi wa zama zile walilijua jambo hili kuliko wengi. Vijana wa Malawi Young Pioneers, kikosi cha chama kilichopewa silaha, walilindwa na sheria ya mwaka 1965 hivi kwamba ofisa wa polisi hakuweza kumkamata kijana wa kikosi hicho bila kwanza kushauriana na mkuu wake. Fikiri, ndugu polisi: mhalifu yuko mbele yako, na sheria ya nchi inakuamuru ukaombe ruhusa kwa wenziwe.

Tarehe 14 Juni, 1993, wananchi walipoulizwa kwa kura ya siri, karibu theluthi mbili walitaka vyama vingi. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei, Rais wa Maisha alishindwa katika uchaguzi na akakubali. Tunamstahi kwa kukubali huko. Lakini ilichukua zaidi ya miaka ishirini kugundua kwamba shangwe za viwanjani na kura ya faragha si kitu kimoja.

Kaburi la Dakta Banda liko Lilongwe, katikati ya mji mkuu alioujenga yeye mwenyewe na kuuhamishia serikali mwaka 1975 kutoka Zomba. Ni jengo la mawe lenye nguzo, na Jengo la Bunge haliko mbali. Tulisimama hapo mchana wa jua kali tukitazama upande huu na upande huu, na tukakumbuka kwamba waandishi wa Katiba ya 1994 walifanya kazi yao yule mzee akiwa bado hai, na joto la yaliyopita likiwa bado mikononi mwao. Ndiyo maana waliandika katika kifungu cha 83 kwamba rais atatumikia vipindi viwili mfululizo, basi.

Kifungu hicho hakikukaa kwa amani muda mrefu. Rais Bakili Muluzi, aliyemshinda Dakta Banda, alikuwa mtu wa watu, mcheshi jukwaani, na katika sehemu za kusini alipendwa sana. Kipindi chake cha pili kilipoelekea mwisho, wafuasi wake wakauliza swali lile lile la kijana wa Dzaleka. Mwezi Mei 2002 Rais alipiga marufuku maandamano yote juu ya suala hilo, ya kuunga mkono na ya kupinga. Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo. Mwezi Julai muswada wa kuondoa ukomo wa vipindi ukapigiwa kura Bungeni. Wabunge walio wengi waliuunga mkono. Lakini Katiba ilitaka theluthi mbili, na muswada ukapungukiwa kura tatu. Kura tatu tu! Jaribio la pili, la kuomba kipindi kimoja zaidi, lilififia mwanzoni mwa 2003 huku makanisa na wanasheria wakilipinga hadharani. Muluzi akamteua Bingu wa Mutharika awe mrithi, akaondoka Ikulu mwaka 2004. Alipotaka kurudi mwaka 2009, mahakama ilimzuia siku chache kabla ya uchaguzi.

Msomaji asidhani kwamba haya ni maradhi ya nchi changa peke yake. Marekani, ambayo hupenda kuwafundisha wengine, iliishi kwa zaidi ya miaka 150 bila kifungu cho chote cha kumzuia rais asigombee mara ya tatu. Kilichokuwapo ni mfano tu wa George Washington, aliyeondoka kwa hiari yake baada ya vipindi viwili. Franklin Roosevelt aliuvunja mfano huo, akachaguliwa mara nne, kuanzia 1932 hadi 1944. Alikuwa mpendwa kweli kweli: mwaka 1936 alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Hata hivyo tazama yaliyompata miezi michache baadaye. Mwezi Februari 1937, akiwa amekasirishwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo kwa kubatilisha sheria zake, alipendekeza aongezewe uwezo wa kuteua majaji wapya hadi sita. Baraza la Seneti lilijaa watu wa chama chake mwenyewe, zaidi ya robo tatu. Baraza hilo hilo likauzika mpango wake mwezi Julai. Walimpenda Rais, wakampigia kura, na bado wakamwambia hapana. Baada ya kifo chake wakaandika ukomo wa vipindi viwili ndani ya Katiba, mwaka 1951.

Mwingine ni Richard Nixon. Mwaka 1972 alichukua majimbo 49 kati ya 50. Hazijapita hata siku 650 tangu kiapo chake cha pili, akawa amejiuzulu, tarehe 9 Agosti, 1974, baada ya Mahakama Kuu kumwamuru kwa kauli moja atoe kanda za sauti alizozificha. Hakuna aliyeuliza siku ile alikuwa amepata kura ngapi.

Kwa askari kuna jambo moja la Marekani lifaalo kuzingatiwa. Kiapo cha ofisa wa jeshi la nchi ile hakimtaji Rais hata kidogo. Anaapa kuitetea Katiba. Tarehe 12 Januari, 2021, siku sita baada ya umati kulivamia Bunge la Washington, wakuu wote wa majeshi walitia saini waraka kwa askari wao kuwakumbusha kiapo hicho. Mtu aweza kusema waraka ulikuja ukiwa umechelewa. Lakini ulikuja.

Turudi Lilongwe, maana huko ndiko lango lilikojaribiwa hasa.

Bingu wa Mutharika alichaguliwa tena mwaka 2009 kwa karibu theluthi mbili ya kura zote, ushindi ambao Malawi ilikuwa haijauona tangu vyama vingi virudi. Ruzuku ya mbolea ilikuwa imejaza maghala, na mkulima hamsahau aliyemshibisha. Miaka miwili tu baadaye mafuta ya petroli yalikuwa hayapatikani, fedha za kigeni zimekauka, na tarehe 20 Julai, 2011, watu walipoingia barabarani katika miji mikubwa, wapatao ishirini waliuawa, wengi wao kwa risasi za polisi. Hatuandiki haya kuwasuta polisi wa Malawi, ambao siku ile waliwekwa baina ya amri na raia. Tunaandika ili mwenye cheo ajiulize: zile kura za 2009 zilimsaidia nini konstebo ambaye mpaka leo anakumbuka uso wa mtu aliyemlenga?

Alhamisi Kuu, tarehe 5 Aprili, 2012, Rais Mutharika alianguka kwa maradhi ya moyo mjini Lilongwe akafariki. Wananchi hawakuambiwa. Maiti ilisafirishwa kwenda Afrika ya Kusini, na kwa siku mbili serikali haikutamka rasmi kwamba Rais amekufa. Makamu wa Rais alikuwa Joyce Banda, ambaye si jamaa ya yule Dakta Banda. Alikuwa amefukuzwa katika chama tawala akaunda chama chake, lakini cheo chake kilitokana na kura za wananchi, na chama hakikuweza kumvua. Katiba inasema bila mafumbo kwamba nafasi ya Rais ikiwa wazi, Makamu huishika kwa muda uliobaki. Hata hivyo usiku wa Ijumaa Kuu baadhi ya mawaziri walijitokeza mbele ya waandishi wa habari kudai kwamba mama huyo hawezi kurithi kwa kuwa ameanzisha chama cha upinzani. Wapo waliotaka ndugu wa marehemu, Peter Mutharika, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, ashike usukani.

Hapo ndipo simu ilipolia kwa Mkuu wa Jeshi, Jenerali Henry Odillo. Joyce Banda mwenyewe amesimulia hadharani kwamba alimpigia kumwuliza kama jeshi litasimama na Katiba, na Jenerali akakubali, akapeleka askari kuilinda nyumba yake. Jumamosi, tarehe 7 Aprili, aliapishwa katika Jengo la Bunge. Hapakupigwa risasi hata moja.

Ndugu askari, tafadhali mtazameni Jenerali huyu kwa makini, maana ni rahisi kumsifu kwa sababu isiyo yake. Hakumchagua mama yule kwa kuwa alikuwa maarufu. Hakuna aliyekuwa amepima umaarufu wa mtu wiki ile. Hakuchukua madaraka mwenyewe, ingawa kiti kilikuwa kitupu na bunduki zilikuwa zake. Alisoma kifungu. Kifungu cha 160 cha Katiba ya Malawi kinalipa jeshi kazi ya kuulinda utaratibu wa kikatiba na kuisaidia mamlaka ya kiraia. Kile cha 153 kinasema polisi wapo kulinda usalama wa umma na haki za watu. Humo halimo neno la kumlinda mpendwa wa watu.

Miaka miwili baadaye, tungependa kusema kwamba yule aliyeokolewa na Katiba aliiheshimu. Sivyo ilivyokuwa. Mwezi Mei 2014, kura zilipokuwa zikihesabiwa na yeye akiwa nyuma, Rais Joyce Banda alitangaza kwamba anaufuta uchaguzi. Mahakama Kuu ilizuia. Askari walikaa kambini. Alitoka katika nafasi ya tatu na akakabidhi madaraka kwa Peter Mutharika, yule yule wa 2012. Na mwaka huo huo Jenerali Odillo akaondolewa katika ukuu wa jeshi. Tunalisema wazi kwa sababu hatutaki msomaji wetu adanganywe kwamba kushika sheria huleta medali.

Majaribu makubwa zaidi yakaja baada ya uchaguzi wa tarehe 21 Mei, 2019. Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38 na kitu, akimzidi Lazarus Chakwera kwa pointi tatu tu. Karatasi za matokeo zilionekana zimefutwafutwa kwa wino mweupe wa ofisini, na kwa miezi mingi watu waliandamana. Polisi waliingia katika chuki ya raia: mwezi Oktoba 2019 ofisa mmoja wa polisi aliuawa na umati huko Msundwe, nje kidogo ya Lilongwe, na siku zilizofuata wanawake na wasichana wa vijiji vile wakafanyiwa ukatili wa kingono na polisi waliopelekwa huko. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliamuru walipwe fidia. Ni ukurasa wenye kuumiza kuusoma kwa mtu avaaye sare, na ndiyo sababu tumeuweka hapa. Wakati huo huo askari wa jeshi walikuwa wakitembea kando ya waandamanaji, wakisimama kati yao na mabomu ya machozi.

Tarehe 3 Februari, 2020, majaji watano walifika mahakamani Lilongwe ndani ya gari la deraya, wamevaa fulana za kuzuia risasi, wakilindwa na jeshi. Walisoma hukumu yao kwa muda upatao saa kumi. Uchaguzi ulibatilishwa. Rais aliyekuwa madarakani, Amiri Jeshi Mkuu wa askari wale wale waliowasindikiza majaji, alikuwa ameshindwa kesi. Mwezi Machi alimwondoa Mkuu wa Jeshi, Jenerali Vincent Nundwe. Mwezi Mei Mahakama ya Juu ya Rufani ikathibitisha hukumu, na tarehe 23 Juni wananchi wakapiga kura upya. Chakwera akapata karibu asilimia 59, na baadaye akamrudisha Nundwe.

Hapa ni lazima tuseme neno la tahadhari, hata kama litawakera baadhi ya wenzetu wanaopenda kuliona jeshi la Malawi kama malaika. Mwezi Desemba 1993, baada ya askari wawili kuuawa katika ugomvi wa baa huko Mzuzu, wanajeshi waliamka kwa hasira wakavivamia vituo vya Young Pioneers nchi nzima na kukinyang'anya kikosi hicho silaha. Operesheni hiyo iliitwa Bwezani. Wananchi walishangilia, na matokeo yake yalikuwa mema. Lakini ilianza bila amri, na watu walipoteza maisha. Askari aliyeshangiliwa leo kwa kutenda bila amri hujifunza nini kesho? Kwa bahati njema waliofuata walijifunza kusubiri kifungu na hukumu. Nchi nyingine hazikuwa na bahati hiyo.

Burundi haikuwa nayo. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulisema hakuna atakayeongoza zaidi ya vipindi viwili. Mwezi Aprili 2015 chama tawala kilimsimamisha Pierre Nkurunziza kwa kipindi cha tatu. Vijijini alipendwa, alicheza mpira na wakulima na kulima pamoja nao, na hoja ya wafuasi wake ilikuwa ile ile ya kijana wetu. Mahakama ya Katiba ikamruhusu, huku makamu wa mkuu wake akikimbilia Rwanda na kusema majaji walitishwa. Tarehe 13 Mei, Rais akiwa Dar es Salaam, sehemu ya jeshi ikatangaza kumpindua, na kwa siku mbili askari wa jeshi moja walirushiana risasi kugombea jengo la redio. Zaidi ya watu 400,000 hatimaye waliikimbia nchi. Baadhi yao walipita Tanzania wakafika Dzaleka. Congo nako, kipindi cha Joseph Kabila kilikwisha Desemba 2016, uchaguzi ukafanyika Desemba 2018, na katika miaka miwili hiyo ya katikati wengi waliandamana na wengi walizikwa.

Haya ndiyo tuliyomweleza kijana tuliporudi kibandani siku ya pili. Tulimwambia kwamba mapenzi ya watu si uongo, lakini hayana kalenda. Chakwera aliyepata karibu asilimia 59 mwaka 2020 alipata kama 33 tarehe 16 Septemba, 2025, wakati bei za vyakula zilipokuwa zimewachosha watu. Akakubali kushindwa kabla hata matokeo hayajasomwa yote. Na aliyemshinda ni Peter Mutharika, mzee wa miaka 85, aliyeondolewa na majaji miaka mitano kabla. Tarehe 4 Oktoba aliapishwa Blantyre, na jeshi lile lile lililowasindikiza majaji wa 2020 likampigia saluti.

Kijana alisikiliza yote. Kisha akatukumbusha jambo ambalo sisi hatukulitaja. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudishwe Dzaleka. Amri hiyo ilipendwa na wenye maduka wengi wa Lilongwe. Polisi waliwakusanya watu madukani na majumbani, na wengine, watoto wakiwemo, walipitishwa katika gereza la Maula kabla ya kuletwa kambini. Yeye alikuwa na kaka yake mjini, aliyekuwa na duka dogo la sabuni na mafuta ya kupikia. Wakimbizi hawapigi kura, alisema, hivyo hakuna rais atakayewapenda wala kuwachukia kwa ajili ya kura. Wao wana kile kifungu tu, cha polisi na haki za watu. Alitaka tumtajie tena namba yake. Tukamtajia: 153. Akaiandika nyuma ya kiganja kwa kalamu, akaenda kuteka maji.